Nani Alibeba Sanduku la Afande

Mnaoanza kazi hii leo mnajifungia chumbani na kompyuta, mnarekodi sauti zenu, mkikosea mnafuta na kurudia. Sisi hatukuwa na kufuta. Neno likishatoka kwenye maiki lilikuwa limeshafika kwenye mabenchi, na kama lilikuwa baya ulirushiwa makapi ya muwa papo hapo. Nawaandikia ninyi, vijei wadogo, kwa sababu daktari ameniambia koo langu limeota vinundu na nisitafsiri filamu tena. Nina miaka arobaini na kitu. Wenzangu wa kazi nyingine wanastaafu wakiwa na mvi na kiti cha kukalia. Mimi kilichostaafu ni koo tu, miguu bado inataka kwenda.

Inataka kwenda kweli. Kabla sijamaliza aya ile ya kwanza nimeinuka, nikatoka hadi barabarani, nikaangalia mabasi ya Hoima yakipita hapa Kasubi, nikarudi. Mkiona mahali maandishi yanaruka, mjue nilikuwa nje.

Kwa asiyejua, vijei ni mtu anayekaa na maiki pembeni ya televisheni kwenye kibanda cha video. Filamu ya Kizungu au ya Kihindi inakwenda, na yeye anaieleza kwa lugha ya watu waliomo: nani anasema nini, nani mwongo, nani hatafika mwisho. Wengi Kampala hufanya kwa Luganda. Mimi nilifanya kwa Kiswahili. Baba alikuwa konstebo kutoka Lira, mama Mnubi wa Bombo, mmoja anasali Jumapili na mwingine Ijumaa, na Kiswahili ndiyo lugha waliyoitumia kugombana. Kwa hiyo maneno makali niliyajua kwanza, na hayo ndiyo kazi hii inayahitaji.

Nilimaliza kidato cha nne nikakosa cha kufanya. Karibu na makazi ya askari, upande wa Nakawa, kulikuwa na kibanda cha Hajati Mariamu, mjane wa Kinubi aliyejenga kuta za mbao na paa la mabati nyuma ya nyumba yake. Vijei wake alikuwa Mzee Rajabu, aliyewahi kuendesha malori mpaka Juba na Kisangani, na aliyekuwa na sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Nilikuwa mtazamaji tu. Siku moja Mzee alishikwa na kikohozi katikati ya filamu ya Roma, akaangaza macho, akaniona mimi, akanitupia maiki. "Wewe Mnubi nusu. Malizia."

Filamu za Roma tuliziita filamu za sketi, kwa sababu ya mavazi ya askari wake. Zilipendwa pale kuliko za karate. Watu wa kambini waliyaelewa mambo ya Roma bila kufundishwa: gwaride, adhabu, mkubwa mjinga, chakula kibaya, safari isiyoelezwa. Nilishika maiki nikaona mtu wa makamo mwenye kofia ya manyoya mekundu, nikasema, "Sasa kapteni anawaambia vijana wake wavuke mto."

Sauti ikatoka benchi la nyuma, ya sajini mmoja mstaafu: "Wewe! Kapteni gani anabeba ngao yake mwenyewe? Huyo ni koplo! Weka yeye pahali yake!"

Kibanda kizima kikacheka. Nikamshusha cheo yule mtu mara moja, na dakika chache baadaye, kweli, akaja mwingine juu ya farasi, mikono mitupu, akamfokea. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la historia kwa vitendo. Vyeo vya Kirumi sikuvijua, lakini niliowatafsiria walijua nani hubeba nini.

Niwape mambo ya kazi. Maiki yetu ilikuwa inapiga shoti, hivyo tuliifunga kitambaa, na kitambaa kikiloa jasho inapiga tena. Rimoti ni ya vijei peke yake, hata mwenye kibanda haigusi. Tangawizi utafune kabla, usitafune wakati wa kazi, maana kutafuna kunasikika kwenye spika kama mtu anatembea kwenye kokoto. Mahali watu wa kwenye picha wamenyamaza, usinyamaze muda mrefu, lakini angalia unachokijazia. Mzee Rajabu aliwahi kujaza kimya kimoja kwa kusema Kaisari yule alikuwa anaogopa paka. Wiki iliyofuata, sokoni Nakawa, nilimkuta muuza nyanya akimwapia mwenzake kwa mkono juu kwamba makaisari wote wa Roma walikuwa wanaogopa paka na ndiyo maana walianguka.

Nilimpelekea Mzee habari hiyo nikidhani atacheka. Hakucheka sana. Akanieleza desturi yake, ambayo nilikuwa nimeiona bila kuielewa. Mara nyingine, katikati ya filamu, alikuwa anaiweka maiki mapajani na kusema jambo kwa sauti tupu: kwamba kuna mtoto anatafutwa nje, kwamba mvua inakuja, kwamba fulani amefiwa.

"Kinachopita kwenye maiki ni cha filamu," aliniambia. "Watu wanajua. Hata yule wa nyanya anajua, anapenda ubishi tu. Lakini ukiweka maiki chini ukasema, hilo ni lako. Kesho watu watakuja mlangoni kwako kukuuliza."

"Na kwenye maiki naruhusiwa kusema chochote?"

"Maneno ongeza. Majina badilisha. Aliyekufa usimguse. Watu wameshamwona amekufa, ukimfufua watakudharau."

Tulifanya kazi hivyo. Seneti tuliiita bunge la wazee wenye mashuka. Mpiga makasia mmoja alionekana na saa mkononi, kibanda kikapiga kelele, na Mzee akasema kwenye maiki bila kugeuka, "Huyo ndiye mwenye zamu." Kosa la watengeneza filamu alilifunika hivyohivyo, kwa sentensi moja, na hadithi ikaendelea. Sijawahi kumpata mwingine wa namna hiyo, nami nimetafuta.

Maana sikukaa. Nilipojua kazi nilihamia Kabalagala, nikatafsiri kwenye ukumbi uliobanwa na baa mbili, nikishindana na muziki wa kulia na wa kushoto. Nikaenda Busia, ambako Wakenya waliingia kibandani ili wakicheke Kiswahili changu na wakalipa kiingilio kwa ajili hiyo. Nikafika Arua. Kila mahali miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, halafu naanza kuziona kuta. Kuhusu malipo nitasema tu kwamba hayakunizuia kuhama. Kisha Hajati akanipigia simu: Mzee Rajabu macho yameanza kumsumbua, sasa anakaa mlangoni kukata tiketi, je, narudi? Nilirudi Nakawa siku hiyohiyo.

Wakati huo wanaume wengi wa makazi yale walikuwa wamepelekwa vitani ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, upande wa Juba. Mabenchi yalijaa wake zao. Mmoja wao alikuwa Mama Okot, mwanamke wa Gulu, mrefu, muuza karanga za kukaanga mlangoni. Filamu ikianza anafunika beseni na kuingia, anakaa benchi la mbele, na kazi yake ni kunisimamia. "Msafara," ndivyo nilivyoitwa, "huyo mtu amefungua mdomo mrefu, wewe umesema neno moja tu! Mengine umekula?"

Bwana yake alikuwa koplo. Alikuwa akipiga simu kila alipopata mtandao, halafu mvua za huko zikaanza, na simu ikanyamaza. Mara ya mwisho alimwambia mkewe kwamba wanasogea kwenye nchi ya majani na maji, ambako gari halipiti. Baada ya hapo hakuna aliyemwambia kitu. Alikwenda ofisini kuuliza, akaambiwa asubiri. Hakulia mbele yetu. Alizidisha kunitania, na karanga akawa anaziunguza.

Hapo ndipo diski ile ilipokuja. Haikuwa na jalada wala jina. Hajati aliinunua katikati ya lundo mjini kwa sababu ilipojaribiwa dukani aliona sketi. Ilihusu kikosi cha askari wa Roma waliotumwa na Kaisari kupanda mto Nile kutafuta unakoanzia. Mnaweza kufikiri tulivyocheka. Mto wenyewe unatoka Jinja, watu wa Kampala wanakwenda Jumapili kula samaki na kupiga picha pembeni ya kibao. Nilisema kwenye maiki, "Kaisari angetuuliza sisi, tungempandisha basi." Kibanda kilifurahi.

Kiliendelea kufurahi kwa muda. Kulikuwa na chui wa milia ndani ya kinamasi, na mtu akauliza kwa nguvu, "Huyo wa India amepata viza wapi?" Yule sajini mstaafu alisimama kabisa: "Hiyo si mafunjo! Hiyo ni mahindi wamepanda! Mimi nimelala ndani ya mafunjo, najua!" Lakini kidogo kidogo kicheko kilipungua. Mashua za Warumi zilikwama. Maji yalikuwa meusi, majani yamewazidi kimo, homa ikawaangusha mmoja mmoja. Mkubwa wao akaamua waziache mashua waende kwa miguu. Wakaingia kwenye majani, picha ikabaki juu yao, na majani yakajifunga nyuma ya mgongo wa askari wa mwisho.

Umeme ukakatika.

Jenereta ilikohoa kama Mzee Rajabu na kukataa kuwaka. Hajati akasimama mbele na tochi ya simu: "Mwisho mtaona kesho jioni, kiingilio ni kilekile cha leo, hamlipi tena." Watu wakatoka wakinung'unika. Mama Okot alibaki kwenye benchi lake akiangalia kioo cheusi, mpaka nikamwambia, "Mama, tumefunga." Akachukua beseni lake akaenda.

Asubuhi umeme ulirudi. Tukaangalia kipande kilichobaki watu watatu: mimi, Hajati, na Mzee Rajabu akisikiliza. Kilikuwa kifupi. Majani yanatikisika. Kofia yenye manyoya mekundu inaelea juu ya maji. Kisha kioo kinakuwa cheusi na maandishi meupe ya Kiingereza yanapanda: Kaisari alingoja, na hakuna hata mmoja aliyerudi.

Hajati akazima. "Leo hao watu watarudi," akasema.

"Imeandikwa hawakurudi, Hajati."

"Imeandikwa Kizungu. Wewe ndiye utasoma. Soma kwamba wamerudi, Kaisari amewachinjia ng'ombe."

Mzee akasema kutoka mlangoni, "Usimfundishe hivyo. Aliyekufa haguswi."

"Amekufa wapi? Wewe huoni, mimi nimeona. Nimeona kofia. Kofia si maiti! Marehemu bwana yangu, askari, alipoteza kofia mara ngapi?" Akanigeukia. "Mwanangu, pale benchi la mbele utamwambia nini yule mwanamke?"

Kwa mara ya kwanza niliona kanuni ya Mzee haimsaidii, maana kweli picha haikuonyesha maiti. Kilichowaua watu wale ni maandishi, na maandishi yangepita kwangu.

Kabla sijajibu, Mama Okot mwenyewe akatokea uani. Hakuwa na beseni. "Msafara. Wale watu walirudi?"

"Kuja jioni, mama, utaona."

"Jioni mbali. Niambie sasa."

"Nikikwambia sasa, jioni utaangalia nini?"

"Mimi siangalii filamu," akasema. "Mimi naangalia ile majani. Bwana yangu iko ndani ya ile majani. Watu walipita hapo zamani, nataka kujua kama njia ya kurudi iko."

Nilimwambia nitakuwa na jibu jioni, jibu la kweli, na nikaondoka pale haraka kama mtu aliyeitwa, nikadandia boda hadi huku Kasubi. Mwalimu wangu wa historia wa sekondari, Mwalimu Kato, bado alikuwa anafundisha. Nilimkuta chini ya ubao wa matangazo akisahihisha madaftari amesimama.

"Wewe," akasema. "Wewe ulikuwa unalala kwenye kipindi changu."

"Nilikuwa nafumba macho nisikilize vizuri, mwalimu."

"Ndiyo maana umekuwa mtu wa sinema. Unataka nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kalamu nyekundu. Kisha akaniambia kwamba jambo lenyewe lilikuwepo kweli. Kaisari mmoja wa Roma alituma askari kupanda Nile. Mfalme wa Kushi, nchi iliyokuwa kule Sudan, aliwapa msaada wa njia. Wakasonga kusini mpaka wakafika kwenye kinamasi kikubwa kisicho na mwisho, majani yamefungamana na maji, mahali panapopita mtumbwi mdogo wa mtu mmoja tu. Hapo wakageuka.

"Wakageuka? Hawakufa?"

"Wakubwa wawili walirudi mpaka Roma wakaeleza waliyoyaona. Mtu wa zama zao aliwasikia kwa masikio yake, akaandika."

"Sasa mbona filamu inasema hakuna aliyerudi?"

"Kwa sababu mtu aliyerudi akasema 'kulikuwa na majani mengi, tukashindwa' hauzi tiketi." Akafunga daftari moja akafungua jingine. "Filamu ya historia ni hivyo. Mto ni wa kweli, Kaisari wa kweli, majani ya kweli. Mwisho wameushona wao, na chui yule pia."

"Na askari wengine, mwalimu? Wale wadogo?"

Hapo kalamu ilisimama. "Wengine hawakuulizwa," akasema. "Ndiyo maana sijui, wala wewe usijifanye unajua. Usiende kuwaambia wote walirudi. Usiwaambie wote walikufa. Hayo mawili yote ni kutunga. Kutunga si dhambi, lakini watu wajue saa gani unatunga."

Niliporudi Nakawa kibanda kilikuwa kimefurika, wengine wamesimama nje wakichungulia kwenye nafasi za mbao. Hajati aliniangalia usoni kutafuta ng'ombe wa Kaisari. Mzee Rajabu alikuwa mlangoni na tiketi zake. Nilitafuna tangawizi, nikafunga kitambaa kikavu kwenye maiki, nikarudisha picha nyuma hadi mashua zilipokwama, na nikafanya kazi.

Nilifanya vizuri, niseme mwenyewe. Nilimpa yule mkubwa sauti ya homa. Askari wa mwisho kuingia kwenye majani nilimfanya ageuke na kusema neno moja la nyumbani, ingawa kwenye picha hakugeuka. Kisha kofia ikaelea, kioo kikawa cheusi, maandishi yakaanza kupanda. Watu waliyaona maandishi. Walingoja sauti yangu.

Nikasoma kama yalivyoandikwa. "Kaisari alingoja. Hakuna hata mmoja aliyerudi."

Hakuna aliyetupa kapi la muwa. Nikasikia Hajati akivuta pumzi kwa hasira. Mama Okot hakusogea. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imefunguka, kama mtu anayengoja kuwekewa kitu.

Nikaiweka maiki mapajani. Kisha nikaona haitoshi, nikaishusha sakafuni kabisa.

"Filamu imeishia hapo," nikasema kwa sauti yangu. "Sasa nasema mimi. Leo nimekwenda kumuuliza mtu aliyesoma mambo haya. Watu wa zamani waliandika kwamba askari wale walifika kwenye kinamasi, wakashindwa, wakageuka. Na maafisa wawili walirudi Roma, wakasimama, wakaeleza. Hilo limeandikwa. Anayetaka kuniuliza kesho, mlango wangu mnaujua."

Manung'uniko yakapita kibandani. "Basi waliotengeneza filamu wametudanganya!" mmoja akasema. Sajini mstaafu akasema, "Mimi nilijua! Ile ilikuwa mahindi!"

Mama Okot akasimama. "Maafisa wawili."

"Ndiyo, mama."

"Na makoplo?"

Nilikuwa nimelihofia swali hilo tangu Kasubi. Hajati, nyuma yake, alinitolea macho yote. Ningeweza kusema neno moja tu na mwanamke yule angelala. Maiki ilikuwa sakafuni.

"Sijui, mama. Hawakuandika makoplo. Hakuna aliyewauliza."

Nilimwona anafikiri, na sikujua mawazo yake yanakwenda upande gani. Kisha akageukia mabenchi, mikono kiunoni, kama anavyofanya anapotaka kunishtaki kwa watu.

"Ninyi wake za askari," akasema, "mnisikie. Maafisa wawili walirudi. Kutoka kule mbali, mpaka kwao. Mimi nauliza: nani alibeba sanduku la afande?"

Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele.

"Afande mnamjua!" Mama Okot akaendelea. "Afande anaweza kupika? Anaweza kufua? Anaweza kubeba maji? Afande wawili peke yao, siku mbili wamekufa! Kama wao walifika, nyuma yao kulikuwa na makoplo wamebeba masanduku. Hawakuandikwa kwa sababu walikuwa nyuma, wanatoka jasho!"

"Kweli!" sajini akapiga benchi kofi. "Mimi nimebeba masanduku miaka yote! Hakuna kitabu kimeniandika, na mimi niko hapa!"

Kibanda kililipuka. Walicheka, wakapiga mabati, mtu akaigiza afande anavyojaribu kukunja chandarua. Mama Okot aliketi chini polepole, akajifunika uso na kitenge, na wenzake wawili wakamsogelea wakamkalia huku na huku. Sikuweza kujua kama analia au anacheka, na sikuuliza. Kutoka mlangoni nilimsikia Mzee Rajabu akisema, kwa ile sauti ya kuita ng'ombe, "Vijei! Chukua maiki yako kabla hawajaikanyaga."

Nimewaza mara nyingi juu ya ile hoja ya sanduku. Si historia, maana hakuna aliyeiandika. Si uongo pia, kwa sababu waliokuwemo mle waliyajua masanduku kwa mabega yao. Nilimpelekea Mwalimu Kato. Akacheka, kisha akasema hawezi kuiweka kwenye mtihani lakini hawezi kuiwekea kosa.

Msifikiri nilikaa kungoja mwisho wake. Ninyi mnaonijua mnajua. Haukupita mwezi nikaanza kuziona kuta, na mbaya zaidi, kila jioni nilikuwa naliona benchi la mbele na beseni la karanga zilizoungua, na simu isiyolia. Nikaondoka nikaenda tena Busia. Nilikuwa huko, nimesimama kwenye foleni ya chapati, Hajati aliponipigia.

"Msafara! Amerudi!"

"Nani?"

"Koplo! Amekonda kama ufagio, simu ilizama kwenye maji na yeye akaugua, lakini amerudi. Na sikiliza. Lori limesimama pale barabarani, mke wake ametupa karanga zote amekimbia, na mume anashuka, unajua ameshika nini? Sanduku! Sanduku la bati la mkubwa wake, limeandikwa jina kwa rangi nyeupe! Anasema, 'Ngoja mama, nipeleke hili kwanza.' Na mke anapiga kelele mpaka sokoni wanasikia: 'Si nilisema! Si nilisema!'"

Nilimwomba aniunganishe na Mama Okot, na kweli alikuwa hapo pembeni, akanitukana kwa kuhama bila kuaga. Nyuma yake nilisikia mwanaume akikohoa na kuuliza, "Huyo ndiye wa filamu?" Kwa hiyo kwamba alirudi nina hakika. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu, kama yule mtu wa Roma aliyeandika.

La sanduku ndilo linalonisumbua. Hajati alikaa miaka yote kibandani, amesikiliza mavijei wawili kila jioni, na kuongeza chumvi anajua kuliko sisi. Kutoka hapa Kasubi hadi Nakawa si safari. Kibanda kimebomolewa, Mzee Rajabu alishatangulia, lakini Hajati yupo, nyumba ni ileile, na mimi ambaye nimefika Arua na Busia ningeweza kwenda leo hii nikamuuliza. Nimeshavaa viatu mara kadhaa. Nafika barabarani, naangalia mabasi ya Hoima, narudi.

Ninyi wa kompyuta, sauti zenu ni safi na hazipigi shoti. Lakini ninapowasikiliza nasikia yote yanatoka kwenye maiki, tangu mwanzo hadi mwisho, na sijui ni wapi mnaiweka chini. Tafuteni mahali.

Na mkipita Nakawa kabla yangu, msalimieni Hajati. Msimuulize habari za sanduku. Mwacheni azisimulie mwenyewe, na muiangalie mikono yake, kama imeshika maiki.